Fedha Isiyo Fedha

Jina langu Filargiro, maana yake mpenda fedha.
Bwana aliyeninunua alinipa kwa mzaha
na mzaha ukanata.
Mwaka wa ishirini na tatu huu, hapa Siskia,
mto Kolapi ukiganda nje ya dirisha,
nachonga nyuso za makaisari nisiowajua.

Nachonga kinyume. Hili mtu wa sokoni halijui.
Ili Kaisari atazame kulia juu ya sarafu,
chini ya patasi yangu sharti atazame kushoto,
na jina lake nilianze mkiani,
herufi zikirudi nyuma kama kaa.
Nimezoea; hata ndoto zangu huanzia kwenye kuamka.

Mwaka huu wamekuja watatu.
Wa kwanza aliletwa kwa nta, ndani ya kisanduku,
pua imepondeka njiani.
Nikampa pua ya marehemu baba yangu.
Wa pili hakuletwa. Perpena msimamizi
alisimama mlangoni, theluji mabegani, akasema:
"Ndevu fupi. Shingo nene. Upesi, askari wanadai mshahara."
Wa tatu nilimtoa kwa wa pili:
mkunjo mmoja kwenye paji la uso,
huzuni kidogo kando ya mdomo.
Hakuna aliyeuliza.

Wote nawavika taji la miale,
kwani Kaisari ni jua, ndivyo tulivyoagizwa.
Jua!
Na wino wa karani umeganda kidauni.

Upande wa pili wanakaa wale wanawake:
Amani na tawi lake la mzeituni,
Neema na pembe ifurikayo matunda yasiyooza,
Haki ameinua mizani, mkono hauchoki.
Wao hawauawi. Makaisari ni wapangaji,
wao ndio wenye nyumba.
Mwezi ule majeshi yetu mawili yalipochinjana
tuliletewa agizo la Mapatano:
mikono miwili ya kulia, imeshikana.
Niliichonga vizuri. Nilipomaliza
nikahesabu vidole, nikitafuta kisu.

Zamani sarafu ilikuwa nyeupe hadi moyoni.
Kwa sarafu za namna hiyo nilijinunua mwenyewe,
mia nane, moja moja, juu ya meza ya bwana,
naye akiigonga kila moja asikilize mlio.
Sasa tunayeyusha shaba,
tunaiosha kwa fedha juujuu
kama mtu apakaye chokaa nyumba anayotaka kuiuza.
Ukiigonga, inakohoa.
Na bado Haki anashika mizani yake, sawasawa,
juu ya kipande ambacho mizani yoyote ingekikana.

Juzi Galene, binti yangu, alikwenda kununua mkate.
Vibena muoka mikate ana mikono ya unga na macho makavu.
Aliichukua sarafu, akaisugua kwenye jiwe la kizingiti
mara tatu, taratibu, kama anayefuta uso wa mtoto,
na shavu la Kaisari likawa jekundu.
"Tazama," akamwambia binti yangu,
"ameona haya."
Kisha akataka tano kwa mkate wa moja.

Galene alinisimulia akicheka.
Mimi nilitafuna polepole.
Kati ya fedha na fedheha kuna silabi moja tu,
nami ni mtu wa herufi,
najua jinsi silabi inavyoingia
mkono ukitetemeka kidogo kwa baridi.
Ile pua ilikuwa ya baba yangu.
Lile shavu pia, nadhani. Aliona haya upesi,
mzee yule, hata kwa deni la chumvi.

Usiku wa kuamkia leo Perpena amerudi.
Hakukung'uta theluji.
"Yupo wa nne."
Nikachukua patasi. "Ana ndevu?"
Kimya.
"Mzee? Kijana?"
"Bado wanapigana," akasema. "Wewe anza tu."

Basi nimeanza. Nimechonga miale,
mmoja baada ya mwingine, mikali, mizuri,
na chini yake nimeacha nafasi
ya kichwa chochote kitakachofika.